Saa ya Darasa Idaiwe Kama Mshahara

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya viongozi wa matawi ya chama cha wafanyakazi.)



Mfanyakazi mtu mzima anayetaka kurudi darasani hukutana na swali moja kabla ya mengine yote, nalo si swali la akili wala la umri. Ni swali la saa. Atasoma saa ngapi, na saa hiyo itatoka kwa nani? Mwenye zamu ya usiku hutoka kiwandani asubuhi akiwa na usingizi machoni. Mwenye zamu ya mchana hugombania daladala giza likiingia, akafika nyumbani watoto wamekwisha kulala. Mwanamke mfanyakazi, akimaliza zamu ya kiwandani, anangojewa na zamu ya pili ya jikoni, ambayo haina msimamizi wala malipo ya ziada. Watu wa namna hii wakiambiwa kwamba milango ya elimu i wazi kwa kila mtu, huwa wameambiwa jambo la kweli lisilowafaa kitu. Mlango u wazi, lakini saa ya kuupitia haipo.

Kwa sababu hiyo haifai kuanza na maneno ya kuisifu elimu. Anayeijua thamani yake kuliko wote ni yule aliyeikosa. Huiona kila mwisho wa mwezi katika karatasi ya mshahara yenye makato asiyoweza kuyahakiki. Huiona siku ya kupandishwa vyeo, pale kijana aliyefundishwa naye kuendesha mtambo anapofanywa msimamizi wake kwa kuwa tu kijana yule ana cheti. Mtu wa hivyo hahitaji kushawishiwa asome. La kuuliza ni kwa nini, baada ya miaka mingi ya kusema juu ya elimu ya watu wazima, mfanyakazi bado husoma kwa kujiiba, akiuibia usingizi wake mwenyewe. Na la kuuliza zaidi ni chama chake kimefanya nini juu ya jambo hilo.

Si kwamba nchi hii ilichelewa kulitambua. Mwaka 1964, alipoutambulisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watu wazima ndio waanze kuelimishwa, kwa kuwa elimu ya watoto ingechukua miaka mingi kabla ya kuonekana katika uchumi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 ulipokwisha kusahihishwa, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39. Watu walisoma chini ya miembe, katika maghala ya vyama vya ushirika, na katika mabwalo ya viwanda. Walichekwa pia. Neno "ngumbaru" lilibeba kejeli nyingi, na mzee aliyeonekana na daftari kwapani alijua kwamba watoto wa jirani watamwimba. Alikwenda hata hivyo.

Katika sehemu za kazi elimu ilikuwa na sababu nyingine iliyo kali zaidi. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili wafanyakazi wawe na sauti katika uendeshaji wa mashirika hayo. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukakemea viongozi wenye majivuno na ubezi kwa walio chini yao, na wafanyakazi wa viwanda vingi wakaushika kwa mikono miwili. Lakini ndani ya baraza lenyewe kulikuwa na jambo gumu. Meneja aliingia na mizania ya hesabu, taarifa ya uzalishaji, na makadirio ya mwaka ujao. Mjumbe wa wafanyakazi aliingia na akili yake, uzoefu wa miaka kumi na mitano kwenye mtambo, na elimu ya darasa la pili. Aliulizwa kama ana la kusema kuhusu mizania. Angesema nini? Alijua, pengine kuliko meneja, kwamba malighafi inapotea stoo, lakini hakujua ni mstari gani wa karatasi ile ulioficha upotevu huo. Kumpa mtu kiti barazani bila kumpa uwezo wa kusoma kilichowekwa mezani ni kumfanya shahidi wa maamuzi ya wengine.

Waraka wa Waziri Mkuu Na. 1 wa mwaka 1973 ulikuja kuziba pengo hilo. Uliwataka waajiri waanzishe elimu ya wafanyakazi mahali pa kazi, na elimu hiyo haikuishia katika kusoma na kuandika, bali ilifika hata kwenye hesabu, uchumi, siasa na ufundi. Chama cha wafanyakazi cha wakati huo, yaani NUTA, kilichoundwa mwaka 1964, kilikuwa na nafasi yake katika kuhimiza. Palikuwa na viwanda ambavyo kengele ya darasa ililia kama kengele ya zamu, na mfanyakazi akavua aproni akaingia kwenye dawati.

Miaka ya themanini ilipoleta uhaba wa vipuri, uhaba wa fedha za kigeni, na viwanda vinavyofanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake, madarasa mengi yalififia. Baadaye ukaja ubinafsishaji, na mwajiri mpya hakuona kwamba waraka wa mwaka 1973 ulimhusu. Ni rahisi kulaumu uchumi peke yake, nao kweli una lawama yake. Lakini iko sababu nyingine isiyosemwa sana: saa ile ya darasa ilitolewa kwa waraka kutoka juu, haikudaiwa kutoka chini wala kuandikwa katika mkataba kati ya chama na mwajiri. Ilipoondoka, hakuna tawi lililoweza kusimama na karatasi mkononi likasema kwamba haki yake imevunjwa. Mshahara ulipocheleweshwa wafanyakazi walilalamika. Darasa lilipofungwa walisikitika. Kulalamika na kusikitika si jambo moja.

Historia ya vyama vya wafanyakazi vya nchi nyingine nayo ina mafunzo katika jambo hili, na hasa historia ya chuo kimoja kilichogusa Afrika Mashariki kwa karibu. Tom Mboya, alipokuwa kiongozi wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Kenya, alikwenda mwaka 1955 kusoma katika Chuo cha Ruskin mjini Oxford, Uingereza. Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kwa ajili ya watu wazima ambao wengi wao hawakuwa na shule ya kutosha, kilichukua mfano wake kutoka huko huko Ruskin. (Kivukoni leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.) Kwa hiyo yaliyotokea Ruskin si ya watu wa mbali tu.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1899 ili wachimba makaa ya mawe, wafanyakazi wa reli na wafumaji wapate masomo ya juu waliyonyimwa na umaskini. Wengi wao walilipiwa na vyama vyao. Mwaka 1909 wanafunzi hao waligoma. Hawakugomea chakula wala vitanda. Waligoma kwa sababu mkuu wa chuo waliyemwamini, Dennis Hird, alikuwa anaondolewa, na kwa sababu waliona kwamba wanafundishwa uchumi kwa macho ya tajiri, ili warudi makwao wakiwa watulivu zaidi kuliko walivyotoka. Waliojitenga walianzisha chuo chao, kilichotegemea fedha za vyama vya wafanyakazi, hasa chama cha wachimba makaa wa Wales Kusini na kile cha wafanyakazi wa reli.

Katika chuo hicho kipya aliingia mwaka 1919 kijana mmoja aliyeshuka mgodini akiwa na umri wa miaka 13, Aneurin Bevan. Chama chake cha wachimba makaa ndicho kilichomlipia miaka miwili ya masomo. Mwaka 1945 alikuwa Waziri wa Afya, na mwezi Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ambayo mgonjwa hatoi fedha anapotibiwa, ilianza chini ya uongozi wake. Chuo chenyewe kilikuwa kimefungwa tangu mwaka 1929, vyama viliposhindwa kuendelea kukigharimia. Wachimba makaa waliochanga senti zao mwaka 1919 hawakujua watavuna nini, na pengine wapo walionung'unika kwamba kijana yule anakwenda kula fedha za chama mjini London.

Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1998 serikali ilianzisha mfuko wa kusaidia elimu kupitia vyama vya wafanyakazi, na sheria ya ajira ya mwaka 2002 ikatambua aina mpya ya kiongozi wa tawi: mwakilishi wa mafunzo. Huyu si mjadiliani wa mishahara. Kazi yake ni kujua wenzake wanahitaji kusoma nini, kuwapa habari za kozi, na kuzungumza na mwajiri zipatikane. Sheria ikampa haki ya kufanya kazi hiyo ndani ya saa za kazi bila kukatwa mshahara. Mwaka 2021 serikali iliufunga ule mfuko kwa upande wa England. Fedha zikaondoka. Haki ya saa, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa katika sheria, ikabaki. Yafaa viongozi wa matawi waitafakari tofauti hiyo wakikumbuka waraka wa mwaka 1973.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kazi hii iwe ya chama, na isiwe ya ofisi ya utumishi ya kampuni. Jibu liko katika miwani. Katika kila kiwanda yuko mtu ambaye, akiletewa fomu ya kujaza, husema amesahau miwani nyumbani. Amesahau miwani kwa miaka ishirini. Hana miwani, hajui kusoma, au alijua zamani na ujuzi umemponyoka. Hawezi kumwambia jambo hilo ofisa wa kampuni, kwa maana anaogopa kwamba orodha ya kupunguza wafanyakazi ikiandikwa kesho jina lake litakuwa la kwanza. Lakini mwenzake wa benchi moja anaweza kumwambia.

"Mzee wangu, darasa linaanza Jumatatu. Twende wote."

"Umri huu, mwanangu? Nikakae na watoto?"

"Hakuna watoto pale. Ni sisi sisi."

Mazungumzo mafupi kama hayo, yanayofanyika wakati wa chai nyuma ya karakana, huleta wanafunzi wengi kuliko matangazo yote ya ubaoni, ambayo, isisahauliwe, mtu huyo hawezi kuyasoma.

Sheria ya Tanzania inasema nini leo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwakilishi wa chama mahali pa kazi ruhusa yenye malipo, kwa muda unaofaa, ahudhurie mafunzo yanayohusu kazi yake ya uwakilishi. Hiyo ni haki njema. Lakini ni haki ya mwakilishi. Mwanachama wa kawaida, mwendesha mtambo au mfagiaji anayetaka kumaliza elimu ya sekondari, haguswi na kifungu hicho. Kwa huyo uko Mkataba Na. 140 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1974 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979 na Tanzania mwaka 1983. Mkataba huo unazungumza juu ya likizo ndani ya saa za kazi kwa ajili ya mafunzo ya kazi ya ngazi yoyote, elimu ya jumla na ya uraia, na elimu ya chama cha wafanyakazi. Unasema pia kwamba muda wa likizo hiyo uhesabiwe kuwa muda wa utumishi, ili mtu asipoteze mafao yake kwa kosa la kwenda kusoma. Tena unakubali kwamba likizo hiyo inaweza kutekelezwa kwa njia ya mikataba kati ya vyama na waajiri, wala hapana haja ya kungoja sheria mpya itungwe Dodoma. Tawi lenye haki ya kujadiliana linaweza kuiingiza katika mkataba wa hali bora unaofuata.

Na njia za kusoma zipo, ingawa wengi hawazijui kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Aliyeishia darasa la saba anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya Mtihani wa Maarifa, na akifaulu akaufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi wakahamia bweni. Fundi aliyejifunzia ufundi wake kazini kwa miaka mingi anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti katika urasimishaji wa ujuzi. Hiyo ndiyo dawa ya yule aliyepitwa cheo na kijana aliyemfundisha mwenyewe. Haya yote yanahitaji ada, nauli, vitabu, na zaidi ya vyote saa mbili au tatu kwa juma zisizogombaniwa na zamu.

Kuhusu ada na vitabu, yako maneno ambayo viongozi wa chama hawapendi kuyasikia. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kukubaliana na mwajiri kwamba ada ya uwakala ikatwe hata kwa wasio wanachama. Fedha hizo zinapaswa kuwekwa katika akaunti ya pekee na kutumiwa kuendeleza au kutetea maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi wa mahali hapo. Kama elimu ya mfanyakazi si maslahi ya kijamii na kiuchumi, basi maneno hayo hayana maana yoyote. Hata hivyo mfanyakazi akiulizwa ada yake imemletea nini, mara nyingi hutaja fulana na kofia ya Mei Mosi. Fulana ni nzuri na maandamano yana heshima yake. Lakini fulana hufifia kabla ya Mei nyingine kufika, na bei ya fulana za tawi moja ingeweza kulipia watahiniwa kadhaa ada ya mtihani.

Tena liko jambo la semina. Katika baadhi ya matawi watu wale wale watatu huhudhuria kila semina, leo Morogoro, kesho Arusha, wakarudi na mkoba mpya na cheti cha kuhudhuria, na wanachama wasisikie hata taarifa ya walichojifunza. Hapo haki ya kusoma imekwisha kugeuzwa posho. Chama kinachomlaumu mwajiri kwa kuficha hesabu, nacho kikaficha orodha ya wanaopelekwa masomoni, kimejivunjia hoja yake chenyewe.

Mwajiri atasema kwamba mfanyakazi akisoma ataondoka. Hoja hii husikika kila mahali na haifai kudharauliwa, kwani wapo wanaoondoka. Lakini wanaoondoka kwa kukosa matumaini ni wengi pia, nao huondoka bila kufundisha yeyote. Isitoshe, waajiri wenye idadi ya wafanyakazi iliyotajwa kisheria hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Wanalipa tayari. Mwajiri anayelipia mafunzo kila mwezi, kisha akakataa saa mbili za mafunzo kwa juma, anapata hasara mara mbili, na si vibaya chama kikamwonyesha hesabu hiyo kwa upole.

Wanawake wafikiriwe kwanza, wala si mwisho kama ilivyo desturi. Darasa la saa kumi na mbili jioni ni darasa la wanaume, hata likitangazwa kuwa la wote. Mama mwenye mtoto mchanga na chungu kinachomngoja hawezi kubaki. Darasa likiwekwa ndani ya zamu, au kwenye saa moja ya mwisho kabla ya kutoka, huyo mama anakuwa mwanafunzi. Saa hiyo moja ndiyo inayoamua kama darasa litakuwa na wanawake kumi au hawatakuwapo kabisa, na inaweza kupatikana kwa kubadilishana zamu, jambo ambalo wafanyakazi wenyewe hulipanga kwa urahisi wakikubaliwa na msimamizi.

Basi kabla ya majadiliano yanayokuja, kila tawi lichague mtu mmoja anayeaminiwa, ambaye si lazima awe katibu wala mwenyekiti, apite kwenye mabenchi na maghala akiuliza kwa siri nani anataka kusoma nini: kisomo, Mtihani wa Maarifa, hesabu za biashara, cheti cha ufundi, au kusoma mizania. Kila idadi iandikwe pamoja na zamu ya wahusika, bila majina yao. Orodha hiyo iambatanishwe na kifungu kifupi kinachotaja saa ngapi kwa juma, nani analipia vitabu, na kwamba muda huo ni muda wa kazi. Kisha iwekwe mezani siku ile ile ya kudai nyongeza ya mshahara, katika karatasi ile ile.